Tundu la Upande wa Kushoto

Miaka kumi na tisa nilikaa mbele ya swichibodi,
stesheni ya Tabora, waya mikononi,
nikichomeka Kaliua kwenye Itigi, Bukene kwenye Mpanda,
nikiwajua stesheni masta kwa kikohozi
kabla hawajataja majina.
Hata wakati ule, macho yakiwa mazima,
sikuyatazama matundu. Kidole kilijua.

Kisha presha ya macho. Ilianzia pembeni,
kama mtu anayefunga madirisha ya behewa, moja moja,
akafika nilipokaa.

Sasa nina flashi. Nimeifunga uzi wa kushonea viatu,
naivaa shingoni, ndani ya gauni.
Alinitengenezea Mhoja, kijana wa Cheyo
asiyeona tangu kuzaliwa, anayecheka peke yake akiandika.
"Bibi Nyamizi," alisema, "humu mna kompyuta nzima,
imekosa mwili tu. Itafutie mwili."

Itafutie mwili! Nimeutafuta Isevya, nimeutafuta Kanyenye.
Mwenye stesheneri wa kwanza alidhani naleta virusi.
Wa pili aliniuliza nimekuja na nani.
Wa tatu, Mama Mwajabu, alikuwa anageuza vitumbua mlangoni,
akasema, "Ingia. Ila usinifutie mitihani ya watu."

Nikapapasa ubavu wa mashine. Tundu la kwanza, kipanya.
La pili limejaa vumbi.
Upande wa kushoto, chini, likakubali,
kwa ule mlio mdogo
wa Kaliua ikishikana na Itigi.
Washa. F kumi na mbili, gonga, gonga, kama unamwamsha mlevi.
Mshale chini mara moja. Ingiza.
Hesabu hadi sabini.

Nilikuwa kwenye sitini na nne ilipozungumza.
Sauti haipumui, haimezi mate,
inatamka "ng'ombe" kama mtu aliyeumwa na nyuki ulimi.
Sikujali. Nimeshaunganisha wakaguzi wenye sauti mbaya kuliko hiyo.
Nikavaa hedifoni.

Barua za Kabula, kutoka Mwanza, ziko sita.
Zote nilishasomewa na Masanja, mpwa wangu,
kijana mwema, mwenye haraka.
"Anakusalimu. Ni mzima. Anasema mvua imenyesha."
Basi.

Ile ya tatu ina maneno mia nne na kumi.
Mvua imo, kweli, mstari wa mwisho.
Juu ya mvua kuna mimba iliyotoka mwezi wa tano,
kuna shuka alilolifua usiku ili mumewe asilione,
kuna jina alilokuwa amempangia mtoto,
na jina ni langu.

Sauti ilisoma yote kwa mwendo uleule,
mkato, nukta, mkato,
haikushusha, haikulainisha.
Niliishukuru.

Mama Mwajabu akauliza kutoka kwenye mafuta yake,
"Mwanao anasemaje?"
Nikasema, "Mvua imenyesha."

Nikaandika jibu mwenyewe. Nilikosea, nikafuta,
nikakosea palepale.
Kila herufi ilinirudia sikioni: k, a, b, u, l, a,
na kila nilipofika kwenye jina la mtoto
vidole vilisimama, ikanyamaza nayo,
haikuniuliza kama bado niko kwenye laini.

Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa swichibodi:
unganisha, kisha toka. Mazungumzo si yako.
Wasichana wengi iliwashinda. Mimi pia, mara mbili tatu.

Nikaizima, nikaichomoa, nikairudisha kifuani, ingali na joto.
Mashine haikubaki na kitu changu hata kimoja,
wala Kabula, wala mwezi wa tano.
Ikarudi kuwa ya mitihani ya watu.

"Shilingi mia tano," akasema Mama Mwajabu,
akanishika mkono, akaufungua,
akaweka juu yake kitumbua
ambacho sikuwa nimeagiza.